Nairobi hadi Mombasa: Dakika 45 zinazokula nusu siku

Bila shaka umewahi kumsikia jirani akijigamba kwamba alifika Mombasa kwa dakika 45. Hakudanganya, ila hakusema yote.

Kutoka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta hadi ule wa Moi, Mombasa, ni kama kilomita 420 ukipima angani moja kwa moja. Reli mpya, iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, ni kilomita 472, nayo barabara inakaribia 490. Ndege ya jeti ikishatulia angani huenda kama kilomita 800 kwa saa, na kwa hesabu hiyo ungefika kwa nusu saa tu. Lakini safari yenyewe ni fupi mno. Ndege haikai sana huko juu kabla ya rubani kuanza kuishusha. Ratiba nayo huandika saa nzima, kwa kuwa huhesabu tangu ndege inapobanduka ilipoegeshwa mpaka inaposimama upande wa pili.

Sasa piga hesabu ya nyumbani. Tuseme unaishi Buruburu, una watoto wawili, na ndege inaondoka saa mbili asubuhi. Itakubidi utoke saa kumi na moja alfajiri, maana kuna foleni ya magari, ukaguzi wa mizigo, tena ukaguzi wa watu. Saa tatu mko Mombasa. Subirini mizigo, tafuteni teksi, mpite Changamwe na Makupa hadi Bamburi. Mkiketi kunywa chai ni saa nne na nusu. Jumla ni saa tano na nusu.

Gari moshi la moja kwa moja huchukua kama saa tano, lakini ongeza safari ya kwenda Syokimau na ile ya kutoka Miritini kuingia mjini, nawe utafikisha saa nane hivi. Kwa hivyo nauli ile ya ndege hununua saa mbili na nusu, si siku nzima. Kwa likizo ya Desemba, mimi ningepanda gari moshi, watoto wawaone ndovu wa Tsavo, na pesa zinazobaki zinunue samaki.

Kuna siku, hata hivyo, ambapo saa hizo mbili hazina bei. Waislamu huzika mapema, mara nyingi siku iyo hiyo. Ukipigiwa simu alfajiri kwamba mzee amefariki huko Majengo na atazikwa baada ya sala ya adhuhuri, basi halitakufikisha, wala gari moshi. Hapo kopa, upande ndege.

Ukienda, omba dirisha la mkono wa kulia. Kukiwa hakuna mawingu, utauona mlima Kilimanjaro. Kurudi, kaa kushoto. Watoto wape peremende ndege inaposhuka. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ilhali uwanja wa Mombasa uko kama mita 60 tu, na masikio huuma wakati wa kushuka kuliko wakati wa kupanda.

Na kama mnaelekea Diani, mwambieni dereva apitie Dongo Kundu. Feri ya Likoni yaweza kula muda wote mlioulipia angani.