Dhamana ya Motokaa: Yafaa Kuinunua?

Wengi wetu tunao watoto au ndugu walioko Ulaya na Marekani. Habari za mishahara yao hutufikia upesi, lakini habari za matumizi yao hatuzisikii sana. Na huko Marekani hakuna tumizi lisumbualo kama motokaa. Miji mingi haina mabasi ya kutosha, na mtu asiye na motokaa huenda asifike kazini kabisa. Motokaa ikiharibika, mshahara wakatika. Na mshahara ukikatika, sisi tulioko huku kijijini twajua kabla ya mwezi kwisha. Kwa hiyo jambo ninaloliandika leo si la matajiri peke yao.

Motokaa mpya ikinunuliwa huko huja na dhamana ya kiwanda. Kwa kawaida kiwanda huahidi kutengeneza bure karibu kila kitu kwa miaka 3 au maili 36,000, yaani kama kilomita 58,000, lolote litakalotangulia. Injini na giaboksi hupewa muda mrefu zaidi, mara nyingi miaka 5 au maili 60,000. Muda huo ukiisha, mwenye gari hubaki peke yake na fundi wake. Hapo ndipo wachuuzi wanapokuja na kitu wanachokiita dhamana ya nyongeza. Lipa sasa, wasema, nasi tutalipa gari likiharibika baadaye.

Jina hilo lapoteza watu. Marekani wanayo sheria ya mwaka 1975, iitwayo Magnuson-Moss, inayotenganisha dhamana na mkataba wa huduma. Dhamana ni ahadi iliyomo ndani ya bei ya kitu chenyewe. Ukitozwa fedha nyingine kando, hicho si dhamana, ni mkataba tu, na mkataba hukupa kile kilichoandikwa ndani yake wala si zaidi.

Mdogo wangu yuko Texas. Mchana afanya kazi ghalani, na usiku hupeleka vyakula majumbani kwa watu kwa motokaa yake. Nauli yake ya kwenda tuliikopa katika chama chetu cha kuweka na kukopa, na deni hilo bado twalilipa kwa fedha anazotuma. Dawa za mama za presha nazo hutoka humo humo. Mwaka jana motokaa yake ya kwanza ilikufa kabisa, akapata nyingine ya Kijapani, ya mwaka 2019, iliyokwisha tembea maili 71,000. Siku ya kuandikiana, mwuzaji akamwekea mbele karatasi ya pili: dhamana ya nyongeza ya miaka 4 kwa dola 2,900. Kwa fedha zetu ni shilingi milioni 7 hivi. Akaambiwa bei hiyo ni ya leo tu. Akaomba siku mbili, akaupiga picha mkataba wote, akaniletea kwa simu na maneno haya: “Dada, wewe ndiwe unayeshika daftari la gari la parokia. Nisomee.”

Ni kweli, daftari la gari la parokia nalishika mimi. Barabara zetu za milimani huku Mbinga mvua zikinyesha zinakula shokomzoba kama mchwa alavyo mbao, na bei ya kila spea naijua kwa kichwa. Nikakaa na mkataba ule jioni mbili.

Kurasa za mbele zilikuwa na herufi kubwa na picha ya familia inayocheka. Yaliyolipwa yalichukua ukurasa mmoja na nusu. Yasiyolipwa yalichukua kurasa nne, kwa herufi ndogo. Pedi za breki, klachi, matairi, betri, mikanda, mipira, taa, vyote havimo, kwa kuwa ni vitu vilikavyo. Kitu kilichoharibika kwa sababu ya kitu kingine kisichomo, nacho hakimo. Ubovu uliokuwapo kabla ya kusaini haulipwi, na atakayeamua kama ulikuwapo ni kampuni yenyewe. Mwenye gari asiyeweza kuonyesha stakabadhi za kumwaga oili kila wakati uliopangwa hapati kitu. Kila akienda gereji atalipa kwanza dola 100 zake mwenyewe. Tena fundi haruhusiwi kugusa gari kabla kampuni haijapigiwa simu na kukubali.

Katika ukurasa wa tatu wa yale yasiyolipwa niliona mstari mmoja uliosema kwamba mkataba hautalipa chochote kama gari latumika kuchukua abiria au kupeleka mizigo na vyakula kwa malipo. Mstari mmoja tu. Mdogo wangu hupeleka vyakula siku tano kwa juma! Angelilipa dola 2,900 kwa ahadi isiyomhusu tangu siku ya kwanza. Nilipompigia simu alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mwuzaji alimwuliza kazi yake, naye akamwambia wazi, na mwuzaji akaendelea kuandika.

Neno hilo limo katika mikataba mingi ya namna hii. Ipo mingine inayokubali magari ya kazi kwa kuongeza fedha, lakini ni lazima iandikwe. Aliye na mtoto huko anayebeba abiria usiku na amwulize leo.

Sasa tuje kwenye hesabu. Mwuzaji hakutaka dola 2,900 mkononi. Alitaka kuzichanganya na mkopo wa gari. Riba ilikuwa asilimia 9 kwa mwaka, na mkopo wa miaka 5. Ukipiga hesabu, ni dola 60 na senti kila mwezi, na mwisho wake dola 3,612. Yaani riba peke yake ni zaidi ya dola 700. Tena mkataba wakoma mwaka wa nne, na malipo yaendelea mwaka wa tano. Nilipokuwa chuo cha ualimu mwalimu wetu wa hesabu alikuwa akitupa maswali ya wachuuzi wa namna hii, nasi tukidhani ameyatunga tu.

Lakini hata bila riba, fikiri jinsi biashara hii inavyoendeshwa. Katika fedha unazolipa, kampuni hutoa fungu la mwuzaji aliyekupata, mishahara ya watu wake, matangazo, na faida yake. Kinachobaki ndicho hulipia mafundi. Basi haiwezekani wanunuzi wote kwa jumla wakapata zaidi ya walichotoa. Lazima wapate pungufu. Gazeti la Marekani liitwalo Consumer Reports, ambalo kazi yake ni kupima bidhaa kwa ajili ya wanunuzi, liliwauliza wasomaji wake mwaka 2013. Asilimia 55 ya walionunua dhamana hizo walisema hawakuitumia hata mara moja, nao kwa kawaida walikuwa wamelipa zaidi ya dola 1,200.

Na wapo wauzaji wabaya kupita hao. Mwezi wa Julai 2024 kampuni moja kubwa ya mikataba hiyo, CarShield, ilikubali kulipa dola milioni 10 baada ya serikali ya Marekani kuishtaki kwamba matangazo yake yaliwadanganya watu kuhusu matengenezo yatakayolipwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Agosti 2023, idara ya serikali inayosimamia mawasiliano iliwatoza faini ya karibu dola milioni 300 watu waliokuwa wakipiga simu kwa mashine za kuuza dhamana za motokaa. Kwa miezi mitatu tu ya mwaka 2021 walipiga simu zaidi ya bilioni 5. Mdogo wangu anasema simu za namna hiyo zilimwamsha mara nyingi alipotoka kazi ya usiku, naye hakuwa na gari bado.

Hata hivyo, mtu asifikiri kwamba hofu ya wanunuzi ni ya bure. Gharama za mafundi Marekani zimepanda kweli. Katika mwaka ulioishia Julai 2023, bei ya matengenezo ya magari ilipanda kwa zaidi ya asilimia 12. Mafundi ni wachache, mishahara yao imepanda, na magari yenyewe yamejaa kamera na vyombo vya umeme. Tangu Mei 2018 kila gari jipya dogo huko lazima liwe na kamera ya nyuma. Katika magari mengi ya siku hizi, kioo cha mbele kikivunjika haitoshi kuweka kioo kingine. Kamera iliyoshikamana nacho lazima ipimwe upya kwa mashine, na fundi adai fedha yake. Mwezi wa Mei 2025 serikali yao ikaanza kutoza ushuru wa asilimia 25 kwa vipuri vingi vitokavyo nchi za nje. Giaboksi ikifa, mtu aweza kuambiwa dola 4,000 au zaidi.

Huko ndiko inapouma. Mtu mwenye akiba ya dola 5,000 hana haja na dhamana ya nyongeza. Lakini mtu asiye na akiba, ambaye giaboksi ikifa atafukuzwa kazi, je, tumwambieje? Mimi nasema huyo anayo sababu ya kununua, hata akijua kwamba kwa hesabu atapungukiwa, maana yeye hatafuti faida, ananunua usingizi. Ila na anunue mkataba unaosimamiwa na kiwanda chenyewe kilichotengeneza gari, wala si wa kampuni asiyoijua. Asome yasiyolipwa kabla ya yanayolipwa. Asiuchanganye na mkopo. Na aulize atarudishiwa nini akiuvunja, kwa kuwa mikataba mingi hurudisha fedha zote ukivunjwa katika siku 30 za kwanza. Rafiki wa mdogo wangu, mtu wa Bukavu anayekaa naye nyumba moja, alinunua mkataba wa kiwanda, na giaboksi yake ikafa mwaka wa pili. Akalipiwa yote isipokuwa dola 100. Huyo humcheka mdogo wangu kila Jumamosi.

Lipo pia jambo ambalo wauzaji hawalitaji, nalo ni bure. Sheria ya Marekani huamuru kwamba kompyuta iongozayo injini, na kile kisafisha moshi ambacho mafundi wetu hukiita masega, viwe na dhamana ya kiwanda kwa miaka 8 au maili 80,000. Gari la mdogo wangu lilikuwa na maili 71,000 tu, na masega ni kitu cha bei kali. Tena, kiwanda kikitangaza kwamba magari fulani yana kasoro ya hatari, kasoro hiyo hutengenezwa bila malipo hata kama gari ni kuukuu na limepita mikono mitatu, mradi halijapita miaka 15. Idara ya usalama barabarani huko yaweza kukuonyesha kwa namba ya gari. Mdogo wangu alipotazama akakuta mojawapo ilikuwa haijafanywa, akatengenezewa siku hiyo hiyo.

Basi nikamshauri afanye kama tunavyofanya parokiani. Gari letu lilitoka Japani likiwa kuukuu, nalo halikuja na dhamana ya mtu yeyote. Kila mwezi natoa shilingi 150,000 katika hesabu ya gari na kuziweka mbali, liwe limeharibika au halikuharibika. Sanduku hilo halina kurasa nne za yasiyolipwa. Lina ubaya mmoja tu: mikono. Mara mbili wazee wa halmashauri wametaka kuziazima fedha hizo kwa mabati, na mara mbili Baba Paroko amekataa, wakanuna.

Mdogo wangu akakataa ile karatasi ya pili. Mwuzaji, aliyesema bei ni ya leo tu, akampigia simu mara tatu kumpunguzia. Badala yake akafungua hesabu nyingine benki na kuanza kuweka dola 60 kila mwezi, zile zile ambazo angeziingiza katika mkopo.

Sasa nisemeni wazi, ninyi wazazi wenzangu na wajomba: sanduku la mtoto aliye ng'ambo halivunjwi na fundi wa Texas. Hulivunja sisi. Mwezi wa tisa zilikuwa zimefika dola 540, na habari zikafika kijijini, sijui zilipita njia gani. Baba yetu mdogo alikuwa akimwoza binti yake, akataka dola 300, naye alisema kwamba fedha zilizokaa tu benki hazina kazi. Mdogo wangu alikuwa karibu kuzituma. Mama ndiye aliyezuia. Alikwenda mwenyewe kwa shemeji yake, akaketi, akamweleza kwamba zile si fedha za kijana, ni fedha za gari, na gari ndilo linalolipa deni la chama ambalo hata yeye aliwekea sahihi. Mdogo wangu akachanga dola 50 kutoka katika mshahara, na sanduku halikuguswa.

Miezi miwili baadaye oltaneta ya gari ilikufa usiku njiani. Fundi alidai dola 610. Sandukuni zilikuwamo 660. Siku ya tatu alikuwa amerudi kazini, na fedha za dawa na za chama zikafika tarehe ile ile ya siku zote.

Baba mdogo hajafurahi hata leo. Harusi ilikuwa nzuri, lakini akikutana nami baada ya Misa huniuliza kama gari la Marekani hali yake ni nzuri, kisha huenda zake.