Njia ya Kisimani

Anayefika Newala kwa mara ya kwanza mwezi wa Februari hushangaa akiambiwa kuwa hapa ni mahali pa shida ya maji. Kila kitu ni kijani. Mikorosho imefungamana matawi, mihogo imesimama, na mvua ya usiku imeacha mchanga umelowa. Lakini mgeni huyo akitafuta kijito hatakiona. Uwanda wa Makonde hupata mvua inayokaribia milimita 1000 kwa mwaka, nyingi kati ya Desemba na Aprili, na karibu yote huzama. Juu ni mchanga, na chini ya mchanga ni miamba laini inayopitisha maji kama kichujio. Maji hushuka ndani kwa ndani mpaka yakutane na tabaka la udongo mgumu, kisha hutafuta njia ya pembeni na kutokea chini ya mteremko, mahali ambapo watu wa juu hawaishi. Mvua ni yetu, chemchemi ni za bonde.

Mababu walikuwa na maelezo yao. Mwaka 1906 Mjerumani aitwaye Karl Weule alikaa Newala akikusanya habari za watu wa kusini, na katika alizoandika imo simulizi ya asili ya Wamakonde. Mtu wa kwanza alitoka porini, hajaoga wala kunyoa. Akachonga mti kwa umbo la binadamu, akausimamisha nyumbani kwake, na usiku ule mti ukawa mwanamke hai. Wakashuka Ruvuma, mama akazaa mtoto mfu. Wakavuka hadi bonde la Mbwemkuru, ikawa vile vile. Waliporudi juu, kwenye vichaka vya Mahuta, mtoto wa tatu akaishi. Ndipo baba yule akawausia wazao wake wasijenge mabondeni wala karibu na mito mikubwa, kwa maana huko kuna magonjwa na mauti. Nyumba ziwe mbali na maji, angalau mwendo wa saa moja. Mtu wa leo atasema ni mbu. Na aseme. Sisi tunaona tu kwamba watoto waliishi, na kwamba gharama ya uhai wao, saa moja kwenda na zaidi ya saa moja kurudi na mtungi kichwani, ililipwa na mama zao kila siku.

Njia tunayotaka kuieleza ni mojawapo ya njia hizo. Inaanzia nyuma ya kanisa letu, ambalo ni kanisa dogo la kijijini ukingoni mwa uwanda, upande unaotazama Ruvuma. Inapita katika kichaka, inashuka mteremko chini ya miti mikubwa, inaishia kwenye chemchemi na majimaji ya bondeni. Vijana huiita njia rahisi, na kweli ni rahisi kwa anayeshuka mikono mitupu.

Kichaka hicho ni mali ya kanisa. Ni kama ekari nne ambazo wazee waliziacha walipogawiwa ardhi, na hakuna aliye hai anayekumbuka sababu. Miaka michache iliyopita kuta za kanisa jipya zilikwisha, mabati yakatosha kuezeka nusu, fedha ikaisha. Katika kikao cha halmashauri mweka hazina wetu akaleta hoja: tufyeke kichaka, tupande mikorosho. Alikuwa amepiga hesabu zote, za miche, za salfa, za palizi, na hata za miaka ya kungoja kabla ya mavuno. Mkulima mmoja alikuwa tayari kutupa fedha ya mabati mapema ili tumlipe kwa korosho baadaye. Mtu aliposema kwamba tutaharibu msitu, alijibu kwamba mkorosho nao ni mti. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, na wengi wetu tuliikubali. Nusu ya waumini walikuwa wakinyeshewa katikati ya Komunyo.

Aliyeizuia alikuwa mama mmoja mzee ambaye sote tunamwita Bibi, padre pamoja nasi. Hakupinga. Alisema tu, "Paa nalitaka kuliko ninyi, maana mimi ndiye mwenye kifua. Lakini twendeni kisimani kwanza. Mkisharudi, pigeni kura yenu."

Tukaenda Jumamosi moja ya Juni, mvua zikiwa zimekatika na ule upepo wa baridi wa Newala umeanza. Wana halmashauri walikuwapo wote, pamoja na vijana wa kwaya na akina mama wanne kutoka Masasi waliokuwa wageni wetu wiki ile.

Kichakani huwezi kupita nje ya njia. Matawi yameshikana, na mitambaa ya mabungo imeyafunga kama kamba. Wageni walitaka kujua kama kitu hiki kina faida yoyote. Mzee mmoja akawaeleza kwamba zamani, kabla ya korosho, watu wa uwanda waligema utomvu wa mibungo hii, wakaukausha na kuuza mpira pwani, Mikindani na Lindi. Kisha akaonyesha jani jembamba linalopanda mti, akachimba kwa kijiti, akatoa mng'oko. Kwa msomaji asiyeujua: ni kiazi cha mwituni, chembamba kama kidole, ambacho hakuna anayekipanda. Huchimbwa vichakani wakati wa kiangazi na huuzwa kikiwa kimechemshwa, na katika miezi ya njaa kimelisha nyumba nyingi kuliko tunavyopenda kukumbuka.

Mweka hazina alikuwa akitazama kingine. Aliingiza mkono kwenye lile shimo la mng'oko, chini ya majani makavu, akatoa konzi ya udongo, akaufinya. Ulishikana. Kisha akavuka mpaka, akaingia shamba la jirani lenye mikorosho, akafanya vile vile. Mchanga ulimpita kati ya vidole. Hakuna aliyehitaji kueleza, maana sote ni wakulima wa korosho. Chini ya mkorosho hufyekwa na kufagiliwa, ili korosho zikidondoka zionekane. Kwa hiyo mvua za kwanza zinapokuja kwa kishindo, mavuno yakiwa bado yanamalizika, hukuta ardhi iko uchi. Kwenye tambarare si neno. Ukingoni mwa uwanda ndipo makorongo yanapoanzia.

Baada ya kichaka ardhi inakatika ghafla. Mjini Newala kuna mahali maarufu pa namna hiyo panapoitwa Shimo la Mungu. Kwetu hapana jina, lakini macho yanafika mbali vile vile, hadi Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji, ambako Wamakonde wengine wanaishi juu ya uwanda wao kama sisi tulivyo juu ya wetu. Tulisimama kidogo. Wageni wetu walipiga picha.

Kushuka ni taratibu, njia ikijikunja chini ya miti inayozidi kurefuka kadiri unavyoteremka. Kwanza unasikia vyura. Halafu hewa inabadilika, inakuwa nzito, yenye harufu ya matope na majani yaliyooza. Chemchemi yenyewe ni ndogo kuliko anavyotarajia mgeni: maji yanatoka chini ya mizizi ya mkuyu, bila sauti, yanajaza kisima kilichozungushiwa mawe, yanafurika na kupotelea kwenye matete. Mbele yake ni eneo tambarare la mafunjo, magimbi na vijaruba vya mpunga vya watu wa bondeni. Mdiria alikuwa juu ya tete lililopinda, akitazama chini. Watoto wawili walikuwa wakitafuta kambare kwa mikono, nao hawakutujali.

Hapo akina mama wa Masasi wakatueleza habari za kwao. Mji wao umezungukwa na milima ya mawe matupu. Mvua ikinyesha hubingirika juu ya jiwe na kukusanyika chini, mbele ya macho yako. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule aliyefasiri Maandiko kwa Kiswahili, alitoka pwani ya Lindi na watu waliookolewa utumwani, wakielekea njia ya Nyasa. Walipofika Masasi, watu walichagua kukaa hapo, nalo kanisa la kusini likaanza. Mwaka 1882 Wangoni walipouvamia mji, misheni ikahamia Newala, kwa Matola, mkuu wa Wayao. "Kwa hiyo sisi ni watu wa kuona maji," alisema mmoja wao, "na ninyi ni watu wa kuambiwa yapo." Tukacheka, maana ni kweli.

Padre alifungua Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 3. Wafalme watatu wamezunguka siku saba jangwani na jeshi na wanyama, maji hakuna. Elisha anawaambia wachimbe mahandaki bondeni. Anawaambia hawatahisi upepo wala kuona mvua, na bonde litajaa. Asubuhi, wakati wa kutoa sadaka, maji yanakuja kutoka upande wa Edomu. Padre hakuhubiri. Aliuliza tu kama kuna mtu aliyewahi kufikiri juu ya wale askari usiku ule, wanachimba kwenye ardhi kavu, na nyota zote zinaonekana.

Ndipo Bibi akasema. Alikuwa ameketi juu ya jiwe lenye mgongo bapa kando ya njia, hatua chache kutoka kisimani. Alisema katika ujana wake, mwezi wa Oktoba, wanawake walilala hapa. Kisima kilitoa kata moja, ukangoja, kikatoa kata nyingine, na foleni ilikuwa ya mitungi, si ya watu, maana watu walikuwa wamelala. Usiku mmoja alikuwa na dada yake mkubwa, aliyekuwa na mimba ya miezi saba. Walijaza kabla ya alfajiri. Dada aliteleza mara moja, akaamka, akasema si kitu. Akaketi kwenye jiwe hili.

"Akaniambia, tangulia, watoto wanangoja maji. Nikatangulia." Alinyamaza kidogo, akaufuta uso kwa pembe ya kanga. "Maji yale niliyotangulia nayo ndiyo tuliyomwoshea."

Vyura hawakunyamaza. Kijana mmoja wa kwaya alianza wimbo, akaona haufai, akaacha.

Tumejiuliza tangu siku ile imani ya Bibi ni ya namna gani. Hasemi kwamba Mungu alitaka. Wala hasemi kwamba Mungu hakuwapo. Katika Biblia yake amekunja ukurasa wa Yoshua 15, habari ya Aksa binti Kalebu, aliyeolewa na kupewa nchi kavu ya kusini. Aksa alishuka juu ya punda wake, akamwomba baba yake ampe na chemchemi. Kalebu akampa za juu na za chini. Bibi anaipenda habari hiyo kwa sababu moja, nayo hutuambia akicheka: yule mama aliomba, tena hakunong'ona. Katika sala za pamoja Bibi huomba maji kwa sauti mpaka wageni hugeuka.

Na maji yamekuja, kwa kiasi. Tangu miaka ya 1950 kumekuwa na mradi wa kuyapandisha juu ya uwanda, na leo maji ya visima vya Mitema, katika bonde la Kitangari, husukumwa hadi Newala na ng'ambo yake. Wasichana wetu wengi hawajawahi kulala kisimani. Lakini maji ya bomba nayo ni mvua ile ile iliyozama, imechotwa chini na kurudishwa kwa mashine. Na bomba likikauka siku tatu, njia hii hujaa ndoo kama zamani.

Bibi alitaka kila mwanamume apande na maji. Tulikuwa na madumu, tukajaza. Mweka hazina alichukua la lita ishirini begani, kwa heshima yake, na alipumzika mara nne. Mara ya tatu msichana wa miaka kumi alimpita na ndoo kichwani, akamwamkia, "Shikamoo babu," na kuendelea.

Kura ilipigwa Jumapili iliyofuata. Kichaka kilibaki kwa tofauti ya kura mbili, na moja ya kura za kutaka kifyekwe ilikuwa ya mweka hazina. Hakuificha. "Nimeona nilichoona," alisema, "na udongo nimeushika kwa mkono wangu. Lakini nimewekwa niangalie kanisa, na kanisa linavuja. Asiyetaka mikorosho ya kanisa alete korosho za kwake." Tukakubaliana kila nyumba itoe debe moja wakati wa msimu, naye ndiye anayepita kukusanya, na hamwachi mtu. Kwa Bibi, mwenye mikorosho mitatu mizee, alipita kama kwa wengine, akapewa debe limejaa.

Desemba ile mvua ya kwanza ilitukuta kanisani. Waliokuwa upande usio na mabati walihamia upande wenye mabati, tukabanana, watoto wakapakatwa, ibada ikaendelea. Baada ya ibada mweka hazina alihesabu sadaka pamoja na fedha ya korosho, akatangaza kwamba zinatosha mabati kumi na moja.