Nilipoinama Katika Banda la Bata



Juma hili naomba mnivumilie, kwa maana sitaanzia kanisani. Nitaanzia uani, nyuma ya nyumba ya mapadre, palipo na banda la bata. Ninalo jambo la kuungama kuhusu banda hilo. Na kwa kuwa kosa nililitenda mbele za watu, yafaa nilieleze mbele za watu.

Bata hao tulipewa. Katika Misa ya kushukuru mavuno, bibi mmoja mjane alileta altareni tenga lenye majike watatu na dume mmoja, wale bata wetu wa kienyeji wenye nyama nyekundu usoni. Baada ya Misa akanifuata sakristia. “Baba,” akasema, “hawa si wa kitoweo cha sikukuu. Wakizaa, vifaranga wagawiwe wajane wenzangu wa jumuiya, kila mmoja aanze na wawili.” Nikaahidi. Kazi ya kuwatunza nikamkabidhi mzee wetu mlinzi, ambaye amefuga bata tangu ujana wake.

Sisi wa bonde la Kilombero tunaijua masika. Kuanzia Machi hadi Mei ardhi haikauki, na kilicholowa asubuhi hulala kimelowa. Majira hayo ndipo jike mmoja alipototoa vifaranga 11, baada ya kuatamia siku zipatazo 35, yaani majuma mawili zaidi ya kuku. Nilifurahi kama mtoto. Nikahesabu mara mbili, nikawaza wajane watano na kifaranga mmoja wa ziada.

Usiku ule nikaenda kuwatazama, nikakuta mzee ameliondoa beseni la maji bandani, pamoja na chakula. Nikamwuliza sababu. “Baba, bata hanywi tu, bata anaoga. Beseni likilala ndani, asubuhi banda zima ni tope. Vifaranga nitawapa maji alfajiri.” Nami nikajibu kwa sauti ya mtu aliyesoma: “Mzee, maji ni uhai. Rudisha beseni.” Akarudisha. Hakubishana nami, maana katika desturi zetu mzee mstaarabu habishani na padre mbele ya vijana, nao walikuwapo wawili.

Yalikuwa majuma yenye shughuli nyingi. Kila asubuhi nilisimama mlangoni, nikaona pumba za mpunga zimetandazwa, nikaenda zangu. Siku ya tano akafa kifaranga mmoja. Siku iliyofuata wakafa wawili. Mwisho wa juma la pili walikuwa wamekufa saba. Waliobaki walisimama na macho yenye kutoa machozi, manyoya yamegandamana, wakihema kwa vinywa wazi. Ndipo nilipomwita mzee, mbele ya katekista na wanakwaya waliokuwa wakisubiri mazoezi, nikamwambia kuwa ni mvivu wa kufagia. Akatazama chini, akasema, “Nimesikia, Baba.”

Siku mbili baadaye bibi yule alifika kuwaona bata wake. Nilimweleza kwa aibu, nikitaja uvivu wa mzee. Hakunijibu. Aliingia bandani, akakunja khanga yake, akachutama mpaka kichwa chake kikawa karibu na sakafu, kisha akaniita. “Baba, chutama hapa.” Nikachutama. Sekunde chache hazikupita macho yakaanza kuwaka na koo likakaba. “Wewe hunusa ukiwa umesimama,” akasema. “Wao wananusia hapa.”

Wapendwa, nilikuwa nimesimama mlangoni siku kumi na nne na sikunusa kitu. Harufu ile kali ni hewa ya amonia, itokayo katika kinyesi kilichochanganyika na maji. Huchoma macho na mapafu ya ndege kabla mtu aliyesimama hajaitambua. Bibi akachimba kwa mkono wake: juu palikuwa na pumba mpya kavu, chini yake uji mweusi, na kandokando ya beseni ukungu mweupe. Ukungu wa namna hiyo humwaga vumbi la mbegu zake hewani, nalo likiingia katika mapafu ya kifaranga humwua upesi. Mzee alikuwa akiongeza pumba kavu kila siku juu ya maji niliyoamuru mimi.

Hakuna ufagio ungalitosha. Kinyesi cha bata chenyewe ni majimaji kuliko cha kuku, na juu ya hapo bata huchovya mdomo majini kila amezapo tonge, akanyunyiza huku na huku. Kwa hiyo banda la bata halisafishwi kwanza kwa kufagia, bali kwa kujua maji yanaingia wapi na kuyazuia hapo.

Nilikwenda kwa mzee jioni ile ile. Nilingoja mpaka wanakwaya na katekista wawepo, nikamwomba msamaha kwa jina la kosa lenyewe: kwamba alinishauri vema, nikamkataza, kisha nikamlaumu kwa matokeo ya amri yangu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Basi, Baba, kesho tuanze kazi.” Nilitamani aseme zaidi. Lakini msamaha haulazimishwi kuwa na maneno mengi, nami nilikuwa nimesema mengi kupita kiasi tayari.

Kesho yake tulianza, yeye akiamuru nami nikishika koleo. Kwa wale mnaofuga, naandika tulivyofanya. Tuliondoa matandazo yote, pua zetu tumezifunga kitambaa, tukaosha sakafu, tukanyunyiza chokaa, tukaacha mpaka ikauka kabisa kabla ya kuwarudisha ndege. Sakafu tuliinua kwa udongo ulioshindiliwa, ikawa juu kuliko uwanja, na tukachimba mfereji mahali maji ya paa yanapodondokea. Chini ya ukingo wa paa tuliacha nafasi wazi kuzunguka banda, tukaifunga kwa waya imara, ili unyevu na hewa mbaya vitoke juu bila upepo kuwapiga ndege waliolala, wala kicheche kupata njia. Tena hatuzidishi bata wakubwa watatu kwa kila mita moja ya mraba.

Beseni lilihamia nje, juu ya shimo lililojazwa kokoto, lenye kina cha kumwezesha bata kuzamisha mdomo na pua zake, kwa maana bila hivyo hawezi kuzisafisha wala kuosha macho. Usiku maji hayalali ndani, na chakula vilevile, maana bata asiachiwe chakula pasipo maji. Kwa vifaranga wadogo tunatumia chombo kifupi chenye mdomo mwembamba, kimewekwa juu ya waya wenye karai chini, ili wanywe bila kuingia majini.

Matandazo ni pumba za mpunga au maranda, kina cha sentimita 10 hadi 15, makavu, yasiyo na ukungu hata kidogo. Kila asubuhi mzee hutoa yaliyolowa badala ya kuyafunika. Huchukua konzi moja, huikamua: ikishikamana kama tonge, huondolewa, ikitawanyika, hubaki. Viota hubadilishwa mara kwa mara, kwa kuwa bata hutaga zaidi alfajiri, na yai hutoka likiwa safi. Uchafu hulipata kiotani. Yaliyoondolewa hurundikwa mbali na kisima, yaoze kwa miezi kadhaa kabla ya kwenda bustanini. Na mikono huoshwa kwa sabuni, hata ya padre.

Wale vifaranga wanne waliobaki walipona na kukua. Wajane wawili wamekwisha kupata wao. Watatu wangali wanangoja, na kila ninapowaona katika safu ya Komunyo nakumbuka ni kwa sababu gani wanangoja. Jike mwingine anaatamia sasa, na ufunguo wa banda anao mzee.

Nimejiwekea sharti moja dogo. Siku nikitaka kumwambia mzee neno lolote kuhusu banda, kwanza naingia, nachutama, navuta pumzi. Mara nyingi nikiisha kusimama tena, nakuta sina la kumwambia. Nanyi mlio na watu chini yenu, nyumbani au kazini, jaribuni kuchutama kabla ya kusema.

Nawatakieni juma jema. Mtuombee, na waombeeni wajane wale watatu.