Sindano ya Sumu na Ng'ombe Wetu



Mwaka juzi basi letu lilisimama njiani kumshusha mtu, na lori likatugonga kwa nyuma. Sikutoka damu hata tone. Kichwa kilirushwa nyuma na mbele, basi, nikamshukuru Mungu na kwenda nyumbani. Kumbe kesho yake shingo haikugeuka. Tangu siku hiyo maumivu hayakuniacha. Jembe nilishika nusu saa tu, na kanisani nikitaka kumpa jirani amani nageuka mwili mzima kama gogo.

Kijana wangu aliyeko mjini akaleta habari ya sindano ya kulegeza misuli ya shingo. Akataka tuuze ng'ombe wa maziwa. Mama yake akamwuliza dawa hiyo hutengenezwa kwa kitu gani. Akajibu, kwa sumu. Mama yake hakusema neno, ila usiku hakulala.

Nikaenda kwa daktari wa hospitali ya misheni, naye akanieleza kwa subira. Sumu hiyo huitwa botulini. Hutoka kwa vijidudu vinavyoota katika chakula kisichopata hewa. Daktari Mjerumani, Justinus Kerner, aliandika habari zake katika miaka ya 1820, alipoona watu wakifa kwa soseji zilizoharibika. Mwaka 1895 huko Ubelgiji wapiga muziki walikula nyama ya nguruwe baada ya mazishi, watatu wakafa, na Profesa Émile van Ermengem akakipata kijidudu chenyewe. Sumu huzuia amri ya mshipa wa fahamu isifike kwenye msuli, na msuli hulegea. Ndiyo maana Daktari Alan Scott wa San Francisco alitumia kiasi kidogo mno kunyosha macho yenye makengeza. Marekani iliikubali dawa hiyo mwaka 1989, na mwaka 2000 ikaikubali kwa ugonjwa wa shingo inayojipinda yenyewe.

"Basi na yangu?" nikamwuliza.

"Yako haijipindi, mzee. Yako inauma."

Akasema wataalamu walikwisha kupima jambo hilo. Wagonjwa wengine wa shingo walichomwa sumu, wengine maji ya chumvi, wala hawakujua nani kapata nini. Majaribio hayo yalipokusanywa mwaka 2011, sumu haikuonekana kuyashinda maji ya chumvi. Tena nguvu yake huisha kwa miezi mitatu hivi, na wengine hupata shida ya kumeza. Miezi mitatu! Ningeuza ng'ombe gani mara ya pili?

Alinifundisha kugeuza shingo polepole kulia na kushoto, kurudisha kidevu nyuma, na kuvuta mabega pamoja, kila siku, hata ikiuma kidogo. Akanikataza kulala kutwa kitandani. Mikono ikifa ganzi au miguu ikikosa nguvu, nirudi upesi bila kungoja.

Ni mwezi wa tano sasa. Asubuhi shingo bado ni ngumu, sitawadanganya, lakini jembe nalishika mpaka saa nne, na Jumapili naweza kumtazama jirani. Kijana angali na kinyongo. Anadhani nilimwonea ng'ombe huruma kuliko nafsi yangu. Ng'ombe mwenyewe amezaa juma lililopita, ndama jike.