Sauti ya Mwalimu na Spika za Thamani

Aghalabu sisi walimu wa Kiswahili tunapozungumza habari za matamshi huishia ubaoni. Twaandika "thamani" na "samani", "dhana" na "zana", kisha twawataka wanafunzi wasikilize tofauti. Ni nadra kujiuliza chombo kinachowafikishia sauti hiyo kinaifanya nini.

Sisi tulijiuliza kwa sababu ya kanda moja. Mwaka 1996, hapa Kampala, marehemu mwalimu wetu alijinasa akitusomea imla, na kanda hiyo ikabaki mikononi mwetu. Mjane wake, ambaye hadi leo twamwita Mama Mwalimu, alikuwa hajaisikia sauti ya mumewe tangu alipomzika. Basi tulipopata habari kwamba rafiki yetu mmoja amerejea kutoka Ulaya na spika za bei ya gari, tukaona hapana heshima kubwa kuliko kumpeleka akasikilize huko.

Ama kwa hakika zilikuwa spika za ajabu. Tulisikia ulimi ukigusa meno, mate yakimezwa, karatasi ikifunuliwa, hata mchakacho wa kanda yenyewe. Kila "s" ilichomoza kama sindano. Rafiki yetu alifurahi, nasi tukafurahi pamoja naye. Mama Mwalimu alisikiliza kwa adabu, halafu akatuuliza kwa sauti ya chini, "Wanangu, huyo anayesoma ni nani?"

Tulirudi hatuna la kusema.

Siku chache baadaye tulimsimulia kisa hicho fundi mmoja mstaafu wa redio. Hakushangaa. Alitufahamisha kwamba sikio la binadamu ni jepesi mno kwa sauti zenye mitetemo baina ya 2,000 na 5,000 kwa sekunde. Mtengenezaji akizipandisha kidogo tu hizo na zilizo juu yake, msikilizaji dukani hudhani amefunuliwa siri zilizokuwa zimefichika. Kumbe ni yale yale yaliyokuwamo, yamesogezwa mbele, na kifua cha msemaji kimeachwa nyuma. Akifika nyumbani huchoka baada ya saa moja, wala hajui kwa nini. (Simu ya zamani ilikosea upande wa pili: iliondoa karibu kila kilichozidi mitetemo 3,400, ndiyo maana "s" na "f" zilikuwa ndugu ndani yake.)

Fundi alikuwa na jozi ya spika ndogo za Uingereza, kimo chake sentimita 30 tu, za aina iitwayo LS3/5A. Ziliundwa na wahandisi wa BBC katika miaka ya kwanza ya 1970 kwa ajili ya kusikilizia ndani ya magari ya matangazo, mahali pasipo na nafasi ya spika kubwa. Kilichotuvutia sisi walimu ni mizani ya wahandisi hao, nayo ni sauti ya mtu anayezungumza. Walikuwa na desturi ya kumsikiliza msemaji mwenyewe studioni, kisha kumsikiliza kwa spika, na kulinganisha. Ngoma yaweza kumdanganya mtu, kwani nani ajuaye ngoma ile ilivyolia siku ile? Sauti ya mtu tumjuaye ni vigumu kutudanganya.

Hatudai kwamba spika hizo hazina kasoro. Ngoma nzito hazizimudu, na zina kiinuko kidogo katika sauti nene kinachomwongezea msemaji kifua, yaani nazo zina ushawishi wake. Wala hatuwezi kuzibeza zile za rafiki yetu: mwalimu anayetaka kuwachambulia wanafunzi "th" na "s" angefaidika nazo sana, na tumekwisha kumwomba ruhusa ya kuzitumia kwa kazi hiyo.

Lakini Mama Mwalimu hakuwa na haja ya kuchambua. Tulimbembeleza mara tatu kabla hajakubali kwenda kwa fundi, na alikaa karibu na mlango kama mtu aliye tayari kuondoka. Kanda ikaanza. "Andikeni," akasema mwalimu, kwa pole pole ile ile aliyotuambia darasani. Mama Mwalimu hakutamka neno. Ilipofika mahali mwalimu anapokohoa na kuomba radhi, alinyosha mkono fundi asimamishe, akaomba irudishwe nyuma kidogo.