Usingizi wa Kijana
Korogwe yapitiwa na Mto Pangani. Handeni, jirani yake, vijiji vingi ni vikame. Huko wapo wasichana waamkao saa kumi alfajiri kutafuta maji, kisha wakaifuata kwa miguu shule ya kata. Msichana akisinzia darasani huitwa mvivu. Kumbe balehe huchelewesha melatonini, homoni ya usingizi: hata ajilaze mapema, mara nyingi usingizi haumjii kabla ya saa tano usiku. Umri wake wadai kulala saa nane hadi kumi. Yeye kapata tano. Deni hilo halilipwi kwa kiboko. Lingelipwa na bomba la maji karibu na nyumbani, na kengele ya shule iliayo baadaye kidogo.