Kubahatisha Bahari Tukiwa Nzuguni

Maonyesho ya Nane Nane yakikaribia, mtaani kwetu Nzuguni, Dodoma, watu huanza kubahatisha ni wanyama gani watakaoletwa viwanjani. Mmoja husema simba, mwingine chui, na watoto husogea karibu kusikiliza. Wengi wao simba walimwona kwanza ndani ya tundu la chuma, si Ruaha wala Serengeti. Mpwa wangu ni mmoja wao, na ndiye aliyeniuliza jioni moja, "Shangazi, mbona hawaleti mnyama wa baharini? Wakijenga ile nyumba ya vioo kama ya kwenye video, watamweka nani?"

Swali likakaa nasi. Yeye alimtaka pomboo kwa sababu anaruka. Jirani yetu, mzee aliyezaliwa Kilwa, alisema nyangumi tumwondoe kabisa, kwani huyu anayepita pwani yetu kuanzia Julai hadi Oktoba hufikia urefu wa mita 15. Mimi nilimtaja nguva. Nilikuwa nimesikia kwamba hula majani chini ya maji, polepole, kama ng'ombe machungani, nikamwona ni mnyama ambaye Dodoma ingemwelewa.

Nilipoanza kusoma habari zake, niliona dhana yangu ilivyokuwa nyepesi. Nguva mzima hula majani ya bahari kilo 30 na zaidi kwa siku, na ni wachache mno duniani waliowahi kudumu wakifugwa. Kule Toba, Japani, yupo mmoja aitwaye Serena, aliyeletwa kutoka Ufilipino mwaka 1987. Umbali wa bahari si kikwazo, maana hata Chicago, mji wa bara kabisa, nyangumi weupe wanafugwa Shedd Aquarium katika maji yaliyotiwa chumvi na watu. Lakini Chicago ina ziwa mlangoni. Sisi tunategemea visima vya Mzakwe, na kuna wiki simtanki la nyumbani kwangu hubaki tupu. Nilijaribu kufikiri jinsi ya kumwambia mama aliyepanga foleni ya ndoo kwamba maji yale yanakwenda kwa mnyama wa maonyesho. Sikupata maneno.

Kilichonisumbua zaidi ni jambo jingine. Mwaka 2022 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile uliwaweka nguva wa Afrika Mashariki katika kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, kwa kukadiria kwamba waliokomaa hawafiki 250. Niliposoma hivyo, nilitarajia hamu yangu ya kumwona ipungue. Iliongezeka. Kadiri nilivyojua kuwa ni adimu, ndivyo nilivyotamani awekwe mahali ambapo ningeweza kumfikia kwa daladala. Nimelitazama tamanio hilo mara nyingi tangu wakati ule na bado sijui nilihukumu vipi. Huenda ni upendo ambao haujafunzwa. Huenda pia ndio uleule uliomfungia simba tunduni, na mimi naupa jina zuri.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba tundu halikufanya kitu. Baada ya kumwona yule simba, mpwa wangu aliuliza mama wa simba huyo yuko wapi, akauliza tena usiku, na mpaka leo haachi habari za simba zimpite. Je, angeuliza kama angemwona kwenye picha tu? Nimekuwa nikiamini kwamba sisi wa bara tunahitaji kuletewa bahari ili tuijali, na kwamba watu wa pwani wanaijali kwa kuwa wamezaliwa nayo.

Mzee wa Kilwa ndiye aliyeitikisa imani hiyo, bila kukusudia. Alisema utotoni kwake nguva hakuwa wa kutazamwa. Alinaswa kwenye jarife lililotegewa papa na taa, akashindwa kupanda juu kuvuta pumzi, akafa humo, na nyama ikagawanywa. Leo sheria inakataza kumvua, lakini wavu hauchagui. Hao watu wa pwani waliishi naye karibu kuliko mtu yeyote. Na Kizimkazi, Unguja, pomboo hawajafungiwa na yeyote, ila boti za watalii huwafuata na kuwazingira mpaka hukosa nafasi ya kupumzika. Basi karibu kuna madhara yake na mbali kuna usahaulifu wake, na mimi sijapata umbali unaofaa.

Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, Dar es Salaam si mbali tena. Likizo ya Desemba nitampeleka mpwa wangu. Nimemwambia mapema kwamba huenda tusione pomboo, na nguva hatutamwona. Alinyamaza kidogo, kisha akamuuliza mzee kama yale majani anayokula nguva huonekana. Mzee akamjibu kwamba maji yakipwa yanaonekana, na mtu anaweza kuyafikia kwa miguu.